Watoto watatu, viti vitatu, Vitz moja

JE, msomaji, umewahi kusimama uani alfajiri, ufunguo wa gari mkononi, watoto watatu wamekwisha kuogeshwa na kupakwa mafuta, kisha ukang'amua kwamba kiti cha nyuma kina nafasi ya wawili pekee?

Hayo yalinipata Agosti 2024. Nyumbani kwetu ni Chwele, Kaunti ya Bungoma, pale chini ya Mlima Elgon, lakini kazi ilitupeleka Kitale na huko ndiko tunakokodi nyumba. Ulikuwa mwaka wa shufwa, na kila Mbukusu anajua maana yake: ni mwaka wa tohara, na mwezi wa Agosti barabara za kwetu hujaa magari, kengele na nyimbo. Juu ya hayo, Kukhu, kama tunavyomwita nyanya kwetu, alikuwa hajamwona mjukuu wake wa tatu, aliyekuwa na umri wa miezi minne. Kutofika kulikuwa jambo lisilowezekana.

Gari letu ni Toyota Vitz kuukuu. Wa kwanza, mwenye miaka saba, na wa pili, mwenye miaka mitatu, walikuwa na viti vyao vya watoto, na kwa miaka yote hiyo hatukupata taabu. Kitinda mimba alipozaliwa alipewa kiti chake pia, zawadi kutoka kwa shangazi yake. Asubuhi hiyo ndipo nilipojaribu, kwa mara ya kwanza, kuviweka vyote vitatu pamoja. Nilisukuma, nikavuta, nikapiga goti juu ya kiti, nikatoka jasho katika baridi ya Kitale. Mlango wa kushoto ulikataa kufungwa.

"Si unipe tu mtoto nimpakate?" mama watoto akasema. "Ni hapa tu Chwele. Hata saa moja na nusu haifiki."

Kuna mzazi gani nchini ambaye hajapata kuyasema maneno hayo?

Uzito wa magunia

Hebu tufanye hesabu ndogo, hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili anaimudu. Gari linakwenda kilomita 50 kwa saa, mwendo unaoruhusiwa mjini. Likigonga kitu kizito, linasimama kwa muda mfupi kuliko wa kupepesa jicho, tuseme kati ya nusu ya sehemu ya kumi ya sekunde na sehemu nzima ya kumi. Aliye ndani hajasimama. Mwili wake bado unakwenda mwendo uleule mpaka ushikwe na kitu. Ili kumzuia mtoto wa kilo 10 kwa muda huo mfupi, utahitaji nguvu inayotosha kuinua kilo 140 hadi kilo 280.

Wewe uliyelelewa Bungoma au Trans Nzoia unajua gunia la mahindi lina kilo 90. Basi mikono ya mama inatakiwa kushika, kwa ghafla na bila onyo, kati ya gunia moja na nusu na magunia matatu. Sijamwona mpakizi wa Kitale, hata yule mwenye mabega mapana kiasi gani, anayeweza kudaka magunia matatu yaliyorushwa. Tena, mama asiyefunga mkanda naye hurushwa mbele kwa uzito wake wote, na mtoto yuko katikati, baina ya kifua chake na dashibodi.

Kwa njia nyingine, kugonga kwa mwendo huo ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa mita 10 hivi, yaani kutoka orofa ya tatu. Hakuna anayemning'iniza mtoto dirishani orofa ya tatu akisema "ni hapa tu".

Mikanda ya kawaida nayo? Wakenya wa makamo wanaikumbuka vyema Februari 2004, wakati kanuni za waziri wa uchukuzi wa siku hizo, marehemu John Michuki, zilipoanza kutekelezwa na matatu zikalazimika kuwa na mikanda, vidhibiti mwendo na abiria 14 tu. Tulitembea kwa miguu siku kadhaa, tukalalamika, kisha tukazoea. Lakini mkanda ule ulitengenezewa mtu mzima. Mhandisi Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo, aliyeuvumbua mkanda wa kupita begani na kiunoni mwaka wa 1959, alikuwa akiufikiria mwili wa dereva. Kwa mtoto mfupi, sehemu ya begani hupita shingoni, na ya kiunoni hupanda tumboni mahali pasipo na mfupa wa kuuhimili. Ndiyo sababu Uingereza humtaka mtoto akae katika kiti chake mpaka atimize miaka 12 au urefu wa sentimita 135, lolote litakalotangulia. Marekani wataalamu hupendekeza kungoja mpaka sentimita 145 hivi.

Idara ya usalama barabarani ya Marekani imekadiria kwamba kiti cha mtoto ndani ya gari dogo hupunguza hatari ya kifo kwa asilimia 71 kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, na kwa asilimia 54 kwa aliye kati ya mwaka mmoja na minne. Sitakudanganya kwamba kiti kinazuia kila jambo. Desemba 31, 2017, basi na lori ziligongana Migaa, karibu na Salgaa, kwenye barabara ambayo wengi wetu huipita tukitoka Nairobi kuja magharibi, na watu 36 wakapoteza maisha. Kuna ajali ambazo hakuna kiti wala mkanda unaoziweza. Hata hivyo, zile ndogo za kila wiki, breki za ghafla, kuteleza kwenye matope, kugongwa kutoka nyuma katika msongamano, hizo kiti huziweza.

Tatizo la mtoto wa tatu

Usidhani ni sisi tu wenye magari madogo tunaosumbuliwa na jambo hili. Wasomi wawili wa Marekani, Jordan Nickerson na David Solomon, walichapisha mwaka wa 2020 utafiti uliowafanya watu wengi kucheka kisha kunyamaza. Waliangalia sheria za majimbo ya kwao zinazolazimisha watoto kukaa katika viti hivi mpaka umri mkubwa zaidi, wakagundua kwamba familia zenye watoto wawili ambao bado wanatakiwa kukaa vitini huzaa wa tatu kwa nadra zaidi. Sababu yenyewe? Viti vitatu haviingii katika gari la kawaida, na kununua gari kubwa ni gharama. Walikadiria kwamba mwaka wa 2017 sheria hizo ziliokoa watoto 57, lakini watoto wapatao 8,000 hawakuzaliwa mwaka huo. Nilipomsomea mama watoto habari hii alinitazama kwa muda, akasema, "Kumbe tungeanza na viti."

Waingereza nao walilitambua tatizo hili wakaliandika katika sheria. Ikiwa viti viwili vya watoto vimejaza sehemu ya nyuma na cha tatu hakiingii, mtoto wa miaka mitatu au zaidi anaruhusiwa kukaa nyuma na kufunga mkanda wa mtu mzima. Aliye chini ya miaka mitatu haruhusiwi. Huyo lazima ahamie mbele, na kiti chake. Hakuna mahali sheria hiyo inapotaja mapaja ya mama.

Pima kwanza

Safari yetu iliahirishwa kwa siku moja. Kukhu alipigiwa simu, akanung'unika, akasema kuku amekwisha kuchinjwa. Mimi nikaazima futi kamba ya fundi cherehani jirani yetu, nikaingia ndani ya Vitz.

Nawe fanya vivyo hivyo kabla ya kununua chochote. Magari mengi madogo tunayoletewa kutoka Japani, yawe Vitz, Fielder, Axio au Probox, yana upana wa nje unaokaribiana sana, kama sentimita 169. Hii si sadfa. Sheria ya Japani huliweka gari katika daraja la magari madogo ikiwa upana wake hauzidi sentimita 170, kwa hivyo watengenezaji hukomea hapo hapo. Ukibadilisha Vitz kwa Probox ili kupata nafasi, utapata buti kubwa, lakini upana wa kukalia utabaki karibu uleule. Nimewaona watu wakitumia pesa nyingi kwa kosa hilo.

Ukiondoa unene wa milango pande zote mbili, kiti changu cha nyuma kilibakiwa na sentimita 127 za kutumia. Viti vya watoto vilivyo vingi vina upana wa sentimita 44 au 45 mahali palipo papana zaidi. Mara tatu, hiyo ni 132 hadi 135. Unaona mwenyewe mlango ulikataa kwa nini.

Lakini hesabu hii ina mwanya, na kwenye mwanya huo ndipo tulipopenya. Viti havina upana mmoja kutoka juu hadi chini. Kiti cha mtoto mchanga, kinachotazama nyuma, huwa kipana upande wa kichwa chake, yaani kuelekea mbele ya gari. Kiti kinachotazama mbele huwa kipana mabegani, huku nyuma penye kiegemeo cha gari. Vikiwekwa ubavu kwa ubavu, kimoja huwa chembamba pale ambapo kingine ni kinene. Ni kama jozi ya viatu ndani ya kasha lake: ukivielekeza upande mmoja kasha halifungiki, ukikigeuza kimoja, vinalala.

Tena, mtoto wa miaka saba hahitaji kiti kamili. Anahitaji kile cha kumwinua ili mkanda wa gari umkae sawa, ambacho wauzaji hukiita busta. Busta isiyo na mgongo huweza kuwa na upana wa sentimita 38 hadi 40 tu, ingawa yenye mgongo humkinga mtoto vyema zaidi kichwani na ndiyo ningeichagua kama nafasi ingeniruhusu. Kwa hivyo 40 kwa mkubwa, 44 kwa wa pili, 43 kwa mchanga. Jumla, 127. Moyo wangu uliruka kama wa mwanafunzi aliyeona jibu lake limelingana na la mwalimu.

Nani akae katikati?

Hapa ndipo nilipokosea mara mbili, na ningependa makosa hayo yakufae wewe.

Kwanza nilimweka mkubwa katikati juu ya busta, nikijiambia kwamba wadogo ndio wenye viti vikubwa, basi wakae pembeni penye nafasi. Ilionekana vizuri sana. Kisha nikautazama mkanda wa katikati. Ulikuwa wa kiunoni tu, kama ilivyo katika magari mengi ya zamani. Haukuwa na kipande cha kupita begani. Busta haitumiki kamwe na mkanda wa namna hiyo. Gari likigonga, mtoto hujikunja kama kisu cha kukunja, kichwa kinaelekea magotini, na mkanda unakatia tumboni. Madaktari wanayajua vizuri majeraha yake: matumbo na uti wa mgongo.

Basi nikamhamishia mkubwa pembeni, mchanga pembeni ya pili, na wa miaka mitatu katikati. Kiti chake kina mikanda yake yenyewe ya kumshika mabegani, kiunoni na katikati ya miguu, kwa hivyo mkanda wa gari una kazi moja tu ya kukishika kiti. Hata hivyo si kila kiti cha aina hiyo kinachokubali kufungwa kwa mkanda wa kiunoni pekee. Vingine vinataka ule wa kupita begani, na kijitabu chake au kibandiko ubavuni hukwambia. Chetu kilikubali. Kama kingekataa, habari hii ingeishia hapa.

Kosa la pili lilikuwa la mawazo tu, kabla sijatenda. Nilifikiri, kwa nini mchanga asikae mbele, kando yangu, nimwone? Jirani mmoja alinishauri hivyo kwa nia njema kabisa. Msomaji, ikiwa gari lako lina mfuko wa hewa upande wa abiria, na mengi ya Kijapani yanao, usiweke hapo kiti kinachotazama nyuma. Mfuko ule hufumuka kwa kishindo kikubwa na kugonga mgongo wa kiti mahali hasa kilipo kichwa cha mtoto. Magari mengine yana swichi ya kuuzima. Mengi tuliyonayo hayana.

Kuhusu kuvifunga, nitakwambia nilivyofanya. Nilianza na kile cha katikati kwa sababu ndicho kigumu. Ukikiacha mwisho mkono haupiti. Nilikikandamiza kwa goti, nikauvuta mkanda mpaka kiti kikazama kwenye sponji. Kisha nikakishika pale mkanda unapopita na kukitikisa. Kikisogea zaidi ya upana wa vidole viwili, rudia. Cha mchanga kilifuata, nikasogeza kiti cha abiria wa mbele hatua mbili ili kipate nafasi, na pale kilipoinama vibaya niliweka leso iliyoviringishwa chini yake, kwa kuwa kijitabu chake kiliruhusu. Busta ikaja mwisho.

Gari lako likiwa jipya kuliko letu, huenda lina vile vyuma vya kunasia viti vinavyoitwa Isofix, ambavyo kwa kawaida viko pembeni mbili tu, katikati havipo. Ni vizuri, na humpunguzia mzazi makosa. Lakini kwa familia ya watoto watatu vina kasoro moja: kiti kikinaswa hapo hakisogei tena, hata sentimita mbili za kumwachia jirani. Kwa mkanda waweza kukisukuma kidogo kuelekea mlangoni. Baadhi ya wazazi hutumia mkanda kwa sababu hiyo, na mradi kiti kimeidhinishwa kwa njia zote mbili, hakuna ubaya.

Mtihani uliobaki ulikuwa vifungo. Je, mkubwa angeweza kukifikia kifungo cha mkanda wake, huku kiti cha ndugu yake kimekibana? Alijaribu, akashindwa, akajaribu tena, akalia. Nilisogeza busta upana wa kidole. Akafaulu, na tangu siku hiyo hajakubali mtu amfungie.

Viti vya mitumba na masweta

Wengi hatuna uwezo wa kununua viti vipya vitatu, na siwezi kumlaumu anayenunua cha mitumba. Mimi mwenyewe niliwahi kuuziwa kimoja mjini na mtu aliyeapa kuwa hakijawahi kupata ajali. Nilipokifikisha nyumbani na kuvua kitambaa, plastiki ilikuwa na ufa mrefu chini. Kiti kilichopata ajali mara moja kimekwisha kazi yake, hata kikionekana kizima.

Vua kitambaa mbele ya muuzaji. Tafuta kibandiko cha rangi ya chungwa chenye herufi E ndani ya duara. Kama kimeandikwa 44, tarakimu zinazofuata ziwe 03 au 04. Vile vya 01 na 02 vilipigwa marufuku kutumika Ulaya tangu 2008 na mahali pake si nyuma ya gari la mtoto wako. Kanuni mpya zaidi ni ya nambari 129, ambayo hupima mtoto kwa urefu wake badala ya kilo, na humtaka atazame nyuma mpaka apitishe miezi 15. Hiyo ya kutazama nyuma haikuzuka jana. Profesa Bertil Aldman wa Sweden aliibuni miaka ya 1960 baada ya kuona jinsi wanaanga wa Marekani walivyolazwa chali ndani ya chombo chao ili migongo yao ipokee nguvu yote. Shingo ya mtoto mchanga ni laini na kichwa chake ni kizito. Mgongo mzima ukipokea kishindo, shingo hupona.

Jambo la mwisho ambalo watu wa Nairobi na Mombasa hawaliwazi sana ni baridi. Kitale iko mita 1,900 hivi juu ya bahari, na asubuhi ya Agosti mama yeyote humvika mtoto sweta juu ya sweta, na koti lenye pamba juu yake. Kisha anafunga mikanda ya kiti na kuiona imekaza. Haijakaza. Koti ndilo lililokazwa. Gari likigonga, pamba hubonyea na mtoto huchomoka. Mvue koti, funga mikanda mpaka ushindwe kuufinya ukanda begani kwa vidole viwili, halafu mfunike kwa leso au blanketi juu ya mikanda. Mtoto wetu wa pili alipiga kelele mpaka Kiminini kwa sababu ya koti lake jekundu. Alilipata Chwele.

Na kama hukujaaliwa gari?

Ningekuwa mnafiki kuandika kana kwamba kila mtu wa Chwele ana Vitz. Siku ya soko, watoto wengi hufika wakiwa ndani ya Probox za abiria, ambamo hata dereva hugawana kiti chake, au wamebanwa baina ya mama na mwendeshaji wa bodaboda. Uamuzi huo kwa kawaida si wa mama. Ni wa mfuko wake.

Hata hivyo yapo machache yaliyo mikononi mwake. Asikubali kukaa mbele akiwa amempakata mtoto, hata dereva akimwita huko kwa heshima. Asipitishe mkanda mmoja juu yake na mtoto, kwa kuwa uzito wake ndio utakaomponda. Ikiwa mtoto amevuka umri wa kunyonya na nauli ya nafasi yake inapatikana, amlipie, akae peke yake na afungwe mkanda wa kiunoni chini kabisa, kwenye mapaja. Si salama kama busta. Ni bora kuliko magoti. Nami nimeona makondakta wa njia ya Kimilili wakimheshimu zaidi mtoto aliyelipiwa.

Wewe unayetoka Nairobi na watoto watatu nyuma, kilomita 400 hivi mpaka Bungoma, ongeza muda wa safari. Simama kila baada ya saa mbili, na mapema zaidi ukiwa na mchanga, umtoe kitini anyooke, maana kichwa chake kikilala kifuani kwa muda mrefu, pumzi hupata taabu.

Tulivyorudi

Tuliondoka Kitale siku ya pili saa tatu asubuhi, milango yote ikiwa imefungwa. Kiminini, Kamukuywa, kisha tukaiacha barabara kuu na kushika ya Kimilili. Mara mbili tulisimama kuwapisha vijana waliokuwa wakicheza kengele zao barabarani, na mara moja breki zilipigwa kwa ghafla kwa ajili ya ng'ombe. Nilitazama kioo cha ndani. Vichwa vitatu vilikuwa palepale.

Kukhu alimpokea mjukuu, akamtazama masikioni na vidoleni jinsi wanawake wa rika lake wanavyofanya, akaridhika. Kisha akaja kuangalia gari. "Mwanangu," akasema, "mimi niliwalea wanane na hakuna aliyekalia plastiki." Nilimwambia ni kweli, Mama, ila siku zile lori la kwenda Bungoma lilipita mara moja kwa siku, na lilikuwa likipanda kilima polepole kuliko mbuzi. Alicheka.

Shida ilizuka wakati wa kuondoka. Nilikuwa nimesahau kwamba viti vya nyuma vikijaa hivyo, huwezi tena kukunja upande mmoja upakie mzigo. Kukhu alikuwa ametoka sokoni na mikungu miwili ya ndizi, gunia dogo la viazi, vitunguu na jogoo. Alitaka mkungu mmoja uwekwe juu, kwenye kile kibao cha nyuma ya vichwa vya watoto. Ilinibidi nimweleze habari ya magunia upya: mkungu wa kilo 15 uliolegea huwafuata watoto kwa uzito uleule mkubwa. Tulishindilia buti mpaka ikakataa, ndizi chini, viazi juu yake, na mkungu wa pili ukabaki kwa shemeji.

Halafu Kukhu akatokea na mkoba wake. Alikuwa amepanga, bila kutuambia, kuja kukaa nasi Kitale wiki mbili.

Hakuna mtu mzima anayeenea nyuma ya Vitz yenye viti vitatu vya watoto, hata awe mwembamba namna gani. Tulitazamana, mama watoto nami, naye akacheka kwanza. Akamnyonyesha mtoto, akamfunga kitini, akamkaribisha Kukhu mbele na kumwonyesha mahali mkanda unapobofywa. Kisha akamchukua jogoo kwapani na kwenda stendi kutafuta matatu ya Kimilili.